Fundi picha wa Mwanga, Kigoma: bibi yangu katoka na rangi yake

Habari zenu wana Kigoma, na nyie ndugu zetu mnaokuja huku mwisho wa reli wakati wa likizo mkitaka picha za wazee zisafishwe kabla hamjarudi Dar. Nina wiki tatu nataka kuandika hii, nimechelewa kwa sababu nilitaka kwanza nione picha imekaa ukutani siku kadhaa, nihakikishe rangi haibadiliki, ndo niseme. Sasa nasema. Kuna fundi picha pale Mwanga, mtaa wa nyuma ya soko, kibanda chembamba kati ya fundi cherehani na muuza vioo vya simu, bango lake halina hata jina, limeandikwa tu PICHA, PASPOTI, LAMINESHENI, FREMU. Yule mzee anajua rangi. Na anaheshimu sura ya mtu.

Nianze na kilichonipeleka kwake.

Idd iliyopita tulikuwa Ujiji kwa bibi, karibu ukoo mzima, mdogo wangu akampiga bibi picha amekaa mbele ya nyumba kwenye kivuli cha mwembe. Bibi kavaa kitenge cha bluu, ile bluu iliyokolea kabisa, ina maua ya rangi ya mawese mapya, chungwa linalokaribia wekundu. Bibi yangu ni mweusi, weusi ule wa kung'aa, na ukimwangalia kwenye mwanga mzuri mashavuni kuna wekundu kwa mbali. Kwenye simu ile picha ilikuwa hai, kila mtu akaitaka. Mi nikasema hii naisafisha kubwa, inchi 8 kwa 10, naitia fremu, iwe zawadi ya bibi.

Nikaipeleka sehemu moja, sitaji ni wapi maana sijaja hapa kumharibia mtu riziki. Wakaniambia tuma WhatsApp, nikatuma, nusu saa nyingi picha tayari. Pale dukani niliona kama imepauka ila nikadhani ni zile taa zao. Nafika Ujiji, bibi kaishika, kaisogeza kwenye mwanga wa mlango, kaangalia weee, afu kaniuliza, "Huyu mweupe ni nani?"

Hakuwa anatania. Uso ulikuwa kama mtu kapakwa unga wa muhogo, kijivu kijivu, mikunjo yote ya uso imefutika, na kitenge cha bluu kimegeuka zambarau. Bibi akaniambia asante mjukuu wangu, akaiweka juu ya kabati imeegemea ukuta, na mi nikaona kabisa kwamba hataitundika. Iliniuma sana. Mtu ana miaka zaidi ya 80, picha zake alizonazo hazifiki 10 maisha yake yote, afu hii moja kubwa ndo inatoka sio yeye.

Shangazi ndo akaniambia nenda Mwanga kwa yule mzee, usiangalie kibanda kilivyo.

Nimefika, shikamoo fundi, marahaba mwanangu, nikampa ile picha iliyoharibika na simu yenye ile picha yenyewe. Hakucheka wala hakuwasema wale wa kwanza. Aliiangalia akaanza kuniuliza maswali, na mimi hapo ndo nilianza kumuamini. Picha ilipigwa na simu gani? Faili lenyewe la kwanza lipo au una hili la WhatsApp tu? Itatundikwa wapi, chumba kina dirisha kubwa au taa tu? Umezoea kuiona simu ukiwa umeweka mwanga wa juu kabisa? Nikajibu yote, akamalizia na swali ambalo sijawahi kuulizwa na fundi picha yeyote maisha yangu: "Hicho kitenge chenyewe kipo? Kilete."

Kitenge! Nilirudi Ujiji na daladala, nikamuomba bibi kitenge chake, kesho yake nikakirudisha Mwanga kwenye mfuko. Fundi akakikunja akakiweka mezani pembeni ya skrini, hakukiondoa pale mpaka kazi imeisha. Anasema macho yanasahau rangi haraka sana, mtu akikuambia nakumbuka ilikuwa bluu hivi usimuamini hata kama ni wewe mwenyewe, kama kitu kipo kilete kikae pale mbele.

Sasa ntawaeleza nilichojifunza kule kwa sababu alinifundisha huku anafanya na mi nilikaa pale karibu saa mbili, wateja wa paspoti wanapita tu.

Kwanza kabisa kwanini picha ya kwanza iliharibika. Ile ya WhatsApp ilikuwa imeshabanwa, ukituma picha kawaida WhatsApp inaipunguza pikseli, yani vile vidoti vinavyounda picha, na kuibana ili iwe nyepesi, kwa inchi 8 kwa 10 inaanza kuonekana. Karatasi ya ukubwa huo ukitaka itoke safi kwa pikseli 300 kwa inchi unahitaji picha ya pikseli 2400 kwa 3000, piga hesabu mwenyewe, sasa ikishabanwa inakuwa pungufu kabisa. Ukilazimika kutuma kwa WhatsApp tuma kama dokyumenti, hapo faili linaenda kama lilivyo. Ila anasema bora flashi, au njoo na simu na waya.

Lakini kubanwa hakumfanyi bibi awe mweupe. Kilichomfanya mweupe ni ule urekebishaji wa oto. Mashine nyingi za picha na programu zake zinakuja zimewekwa zirekebishe picha zenyewe, na akili yake ni ya kutafuta wastani, yani inataka picha kwa ujumla iwe na mwanga wa katikati, sio giza sana sio mwanga sana. Sasa uso mweusi ukijaa kwenye picha, mashine inadhani picha imepigwa gizani, basi inavuta mwanga juu, na inavyovuta ndo wekundu wa ngozi unakufa unabaki ule ukijivu. Hakuna aliyekusudia kumdharau bibi, ila hakuna aliyekizima hicho kitu, na hapo ndo pana shida yangu. Fundi akaniambia hili jambo ni la zamani kuliko kompyuta, enzi za filamu Kodak walikuwa wanawapelekea wasafisha picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, ngozi yake ndo ilikuwa kipimo cha ngozi kutoka sawa, na sisi wengine tunatoka tunavyotoka. Nilinyamaza kidogo hapo. Nikakumbuka picha za shule ya msingi ambazo nusu ya darasa tunaonekana meno na kola tu.

Na bluu kuwa zambarau je? Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu kijani na bluu, inakuwakia usoni. Karatasi haiwaki, inarudisha tu mwanga unaoipiga, na rangi zake zinatoka kwenye wino. Wino wa bluu kama ule wa kitenge haupo kwenye mashine, bluu inapikwa kwa kuchanganya sayani (bluu kama ya anga) na majenta (pinki iliyokolea), majenta ikizidi kidogo tu umeshapata zambarau. Kwa hiyo bluu kali ni mtihani kwa karibu kila mashine ya wino, sio ya fundi fulani tu, tofauti ni nani anajua na anachukua hatua kabla.

Halafu nikaangalia kibanda chake vizuri. Ukuta wa nyuma ya kompyuta kaupaka kijivu, kijivu kikavu kisicho na rangi nyingine ndani yake. Nikamuuliza akasema ukuta wa pinki au wa kijani unarusha rangi yake kwenye skrini na kwenye karatasi, na jicho lako linaanza kudanganyika bila wewe kujua. Yeye hata shati huwa anavaa la rangi iliyotulia akiwa na kazi ya rangi. Skrini yake mwanga kaushusha mpaka mi nikaona kama imefifia, akachukua karatasi nyeupe akaishika pembeni yake, akanionyesha weupe wa skrini na weupe wa karatasi unakaribiana. Pale ndo nilielewa kwanini watu wengi wanalalamika picha zimetoka nyeusi, wanaediti kwenye simu mwanga uko asilimia mia, picha inaonekana imewaka kumbe kinachowaka ni simu. Shusha mwanga wa simu mpaka nusu au chini ya nusu afu ndo uamue kama picha ina giza.

Ana na kale kadude ka kupimia skrini, kanakaa kwenye kioo cha monita kama konokono, programu inarusha rangi moja moja kenyewe kanasoma, mwisho kompyuta inajua monita inadanganya wapi na inasahihisha. Anafanya hivyo kila mwezi kwa sababu monita inachoka taratibu. Weupe kaulenga kelvini 6500 (kipimo cha weupe kuelekea unjano au ubluu), gama 2.2 (mwanga unavyopanda kutoka giza kwenda weupe), na ukali wa mwanga chini kidogo ya kandela 120 kwa mita ya mraba kwa sababu kibanda chake hakina mwanga mwingi. Nimeandika namba makusudi, kuna wadau humu wanaopiga picha za harusi na send-off watazihitaji.

Sasa faili. Simu ya mdogo wangu ni iPhone, na iPhone tangu ile ya 7 ya mwaka 2016 inapiga picha kwenye eneo la rangi, yani wigo wa rangi ambazo faili linaweza kubeba, linaitwa Display P3, ambalo ni pana kuliko sRGB, lile eneo la kawaida la vifaa vingi, hasa kwenye wekundu na kijani. Ndani ya picha kuna kama lebo inasema namba hizi zisomwe kwa P3. Fundi mwenye programu inayosoma lebo hana shida. Ila mashine nyingi za mtaani hazisomi lebo, zinachukulia kila faili ni sRGB, kwa hiyo rangi zinatoka zimepooza. Yule mzee akaniambia kwangu ilete hivyo hivyo, ila ukienda kwingine usikokujua igeuze kwanza iwe sRGB. Na akasisitiza kugeuza, sio kubandika lebo mpya, hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukigeuza, namba zinapigwa hesabu upya ili rangi ibaki ile ile. Ukibandika lebo tu ni kama mtu anachukua bei ya faranga za Burundi anaandika shilingi mbele yake bila kubadilisha hesabu, namba ni ile ile ila thamani imeshapotea. Mfano wa Kigoma kabisa huo, nikaelewa hapo hapo.

Mashine yake ya kuprinti ni Epson L805, ya A4, ina matenki 6 ya wino, nyeusi, njano, sayani, majenta, na sayani hafifu na majenta hafifu. Hizo hafifu mbili ndo anazipenda kwa ngozi, maana badala ya kutawanya vidoti vya wino mzito palipo na mwanga wa shavu inatumia wino mwepesi, na mpito kutoka kivuli kwenda mwanga unakuwa laini. Anatumia wino wa mashine yenyewe, zile chupa za mililita 70, hachanganyi. Sio kwamba wino mwingine wote ni mbaya, ila kila wino na kila karatasi vina tabia yake, na yeye ana profaili ya karatasi yake ya glosi, ile inayong'aa, na wino wake, yani faili dogo linaloiambia kompyuta ukitaka rangi hii kwenye karatasi hii mwaga wino kiasi hiki. Ile ya karatasi ya mati, isiyong'aa, aliitengeneza mwenyewe, aliprinti vimraba vya rangi mamia, akavituma Dar kwa mtu mwenye kifaa cha kusoma karatasi, akarudishiwa profaili. Ukibadilisha wino au karatasi ile profaili ni ya mtu mwingine tayari, kama nguo iliyopimwa kwa mwenzako. Hizi profaili zina mfumo mmoja unaosomwa na kompyuta zote, chini ya ICC, shirika la kimataifa la mambo ya rangi lililoanzishwa 1993, waanzilishi wakiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft.

Akafungua picha ya bibi, akawasha ule mwonekano wa kabla, skrini inakuigizia karatasi itakavyotoka. Picha ikazimika kidogo mbele ya macho yangu, bluu ikapoa, maua yakapungua moto. Nikaguna. Akasema usigune mwanangu, hii ndo karatasi inaongea ukweli, bora uumie sasa kuliko baada ya wino. Kisha akabonyeza kitu, sehemu za kitenge zikajaa madoa ya kijivu, akaniambia yote yenye doa ni rangi ambayo wino hauwezi kuifikia. Uso wa bibi haukuwa na doa hata moja. Nilifurahi kama nimepewa majibu ya hospitali.

Hapo kuna uamuzi, rangi zisizofikika zinafanywaje. Alinieleza kwa daladala. Watu wamezidi gari la kwenda Ujiji, kuna njia mbili. Njia ya kwanza kila mtu anasogea kidogo, hata waliokaa vizuri wanabanwa, ila wote wanaingia na wanabaki wamepangana vile vile. Njia ya pili waliokaa hawaguswi kabisa, ni wale tu wanaoning'inia mlangoni ndo wanasukumwa mpaka waingie ndani ya mlango. Kwa picha ya bibi akachagua ya pili, kwa sababu uso umeshakaa vizuri kwenye kiti chake, hataki usogezwe kwa ajili ya kitenge. Kwa picha nyingine niliyokuwa nayo, jua linazama ziwani nimepiga Katonga, mbingu yote chungwa na nyekundu, akachagua ya kwanza, maana ukisukuma tu wa mlangoni ile mbingu inageuka bapa moja, mawimbi ya rangi yanapotea. Zote mbili sahihi, inategemea picha imebeba nini.

Bluu ya kitenge akaishughulikia kwa mkono, akaizungusha kidogo kuelekea sayani ili ikienda kwenye wino isianguke kwenye zambarau. Anafanya kidogo, anaangalia kitenge cha mezani, anafanya kidogo tena. Uso hakuugusa kabisa isipokuwa kupunguza ule ukijani wa majani ya mwembe uliokuwa umemuangukia bibi kwenye paji. Hakulainisha ngozi wala hakumpunguzia mkunjo hata mmoja.

Kabla ya kuprinti akanionyesha sehemu kwenye mipangilio ya mashine, urekebishaji wa rangi wa mashine umezimwa, kazi yote ya rangi inafanywa na programu. Anasema kosa kubwa analoliona kwa vijana ni kuacha vyote viwili vimewashwa, programu inageuza rangi kwa profaili, mashine nayo inageuza tena juu yake, wapishi wawili wanatia chumvi sufuria moja na kila mmoja anadhani mwenzie hajatia. Picha inatoka imeiva wekundu au imekolea vibaya, mtu analaumu wino.

Na bado hakuprinti kubwa! Alikata karatasi ile ile ya glosi, akatoa vipande vitatu vyembamba, uso na kipande cha kitenge, kimoja kama kilivyo, kimoja kimepanda mwanga kidogo, kimoja kimepanda zaidi, nyuma kaandika 1, 2, 3. Kwa vipande hivyo vitatu nililipa 1,000 tu. Akaniambia wino huu unahitaji kukauka na kutulia, usiamue leo, viache visigusane, kesho viangalie mara tatu, nje asubuhi kivulini, ndani karibu na dirisha, na usiku kwa taa ya chumba chenyewe itakapokaa. Rangi mbili zinazofanana juani zinaweza kuachana chini ya taa ya nyumbani. Wenye viwanda vya uchapishaji wana mwanga maalumu wa kuangalizia, unaitwa D50, sisi huku tuna mlango na dirisha, ila kanuni ni ile ile, angalia mahali picha itaishi.

Nikaenda navyo Ujiji. Kipande namba 1 mchana kilikuwa kizuri sana ila usiku kwenye taa ya sebule ya bibi kikazama. Namba 3 usiku kizuri, mchana shavu linaanza kupauka. Nikampa bibi vyote vitatu bila kumwambia kitu. Akachukua namba 2, akakiweka kwenye mkono wake, akakilinganisha na ngozi yake mwenyewe, akasema, "Huyu sasa namjua."

Tukasafisha namba 2. Nimeichukua siku ya tatu na nimeilinganisha na kitenge nje mlangoni, mwanga wa saa nne. Uso umetoka weusi ule wa kung'aa na ule wekundu wa mashavuni upo. Bluu ya kitenge haina moto wote wa kitambaa, alinionya mapema, ila ni bluu, sio zambarau. Maua ya mawese yamepungua kidogo pia. Weupe wa mtandio wake ni mweupe hauna pinki wala ubluu.

Kuna kazi nyingine nilimpelekea wiki iliyofuata baada ya kuona hii, picha ya marehemu babu amesimama mbele ya stesheni ya reli Kigoma, lile jengo la Wajerumani lenye matao, picha ya miaka ya 80 ambayo imegeuka nyekundu yote. Nilidhani imeungua jua lakini ilikuwa kwenye albamu muda wote. Akasema picha za rangi za zamani hata zikikaa gizani zinazeeka, na mara nyingi sayani ndo inatangulia kufa, ikiondoka hiyo kinachobaki ni wekundu. Aliiskani kwa pikseli 600 kwa inchi, akawa anainua rangi moja moja badala ya kubonyeza kitufe kimoja cha kusahihisha, akitumia shati jeupe la babu kama kipimo, akaniuliza mara mbili, una uhakika shati lilikuwa jeupe sio la krimu? Nikampigia shangazi. Lilikuwa jeupe. Ukuta wa stesheni ukarudi, mbingu ikarudi, na babu nikamuona ana rangi ya baba yangu. Sikutegemea. Nilikaa pale kwenye benchi mpaka fundi akanipa maji.

Sasa mapungufu, maana yapo. Ukiwa na haraka usiende kwake, bibi kachukua siku 3 na babu siku 5. Yuko na kijana mmoja tu wa kumsaidia, foleni ya paspoti ikijaa kazi ya rangi inasubiri, na ijumaa mchana anafunga, anarudi jioni. Hana zaidi ya A4, ukitaka A3 au kubwa zaidi hana mashine, ila atakuandalia faili na kukuandikia kwenye karatasi umwambie nini huyo fundi mwingine, kwangu hiyo ni msaada mkubwa tu. Fremu zake ni za kawaida sana, nyingine vioo vina mikwaruzo, nenda na fremu yako. Na karatasi ya mati huwa inamuishia, anangoja mzigo wa Dar. Mi mwenyewe ninge­penda mati kwa bibi kwa sababu haiakisi dirisha, ila alinieleza mati weusi wake hauzami kama wa glosi na kitenge kingepoa zaidi, basi nikakubali glosi.

Bei nilizolipa mimi: inchi 8 kwa 10 ni 7,000, vipande vya majaribio 1,000, kuskani na kurekebisha picha ya babu 15,000 pamoja na nakala mbili. Kule mwanzo nililipa 5,000 kwa ile iliyoharibika. Kwahiyo tofauti ni ya nauli tu, na ukifanya hesabu ya kurudia ndo unaona kipi kilikuwa ghali.

Mkienda kwake nendeni na faili la kwanza kabisa, lisilo na filta. Zile filta za kung'arisha uso zikishaingia kwenye picha hazitoki, alinionyesha picha ya bwana harusi mmoja imekwanguliwa uso mpaka hana vinyweleo, akasema hii siwezi kuirudisha, ngozi haipo tena humu ndani. Kama mna nguo, beba nguo. Kama ni picha ya bidhaa, mfano mnauza vitenge au sabuni za mawese na mnataka vipeperushi, beba bidhaa yenyewe. Na semeni picha itakaa wapi.

Ya bibi tumeitundika ukuta usiopigwa na jua la mchana, ina kioo mbele, maana wino wa aina hii unapauka ukipigwa na jua moja kwa moja, fundi aliniambia mara mbili. Ile ya kwanza bibi kanirudishia bila maneno, nimeitoa kwenye fremu. Sasa shangazi naye anataka yake, ana kanga ya kijani, na nimeshamwambia ajiandae kuibeba mpaka Mwanga.